Kochi la Wageni

Mama yangu si mtu wa kukaa. Sisemi hivi kumsifu. Watu wakisema mama fulani hakai, huwa wanamaanisha ana bidii ya kazi. Mimi namaanisha hakai kwenye kiti. Tulipokuwa wadogo alikula amesimama, sahani ameiweka juu ya pipa la maji. Alituchana nywele amesimama, sisi ndio tuliokaa. Akizidiwa kabisa alivuta kigoda chake karibu na mlango wa nyuma, akakikalia upande, ule upande mwingine akauacha wazi kama vile kuna mtu anakuja.

Kazi yake ilikuwa kufagia na kupiga pasi katika nyumba ya ghorofa mwisho wa mtaa wetu. Mwenye nyumba tulimwita Madamu, kama wote walivyomwita. Sebuleni kwake kulikuwa na makochi mekundu ya kitambaa chenye manyoya mafupi, ukipitisha kiganja upande huu rangi inafifia, ukirudisha inakolea. Siku ambazo nyumbani hakukuwa na mtu, mimi na dada yangu tulimfuata mama kazini. Kabla ya kuingia getini alituinamia na kutuambia, "Vile viti si vya kukaliwa."

Nilikuwa mdogo, nikamuuliza, "Sasa ni vya nini?"

"Ni vya wageni."

Basi tulikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni mpaka amalize.

Siku moja nilichungulia ndani. Mama alikuwa anapiga pasi mashuka, joto kali, nikaona ameweka pasi chini, akashika kichwa. Akatafuta pa kujishikiza, akakaa juu ya mkono wa kochi. Hata hakukaa kwenye kochi lenyewe, ni ule mkono tu. Madamu akaingia. Hakugomba. Alisubiri mama ainuke, kisha akachukua kitambaa mezani akapangusa pale alipokuwa amekaa, taratibu, huku akimuuliza kama mashuka yamekauka. Mama akajibu yamekauka.

Nilipomaliza darasa la mwisho la shule ya msingi nilikwenda mji mwingine kujifunza ufundi wa makochi. Fundi aliyenipokea aliniuliza kwa nini nimechagua makochi wakati vijana wote wanakimbilia magari. Nikaangalia chini. Akacheka, akaniita Bwana Kimya, na hilo ndilo jina langu mpaka leo katika karakana zote nilizopita. Kazi hii inamfaa mtu mwenye haya. Mteja akija haangalii uso wako, anaangalia kitambaa.

Baada ya kuwa na karakana yangu mwenyewe, nilirudi nyumbani mara moja na uzi mrefu mfukoni. Nilimpima mama akiwa amesimama anakata mboga. Nikapima kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, nikafunga fundo. Kutoka goti mpaka mgongoni, fundo jingine. Nilikuwa naona aibu kumwambia ninachotaka kufanya.

"Wewe, unanipima jeneza?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Maana mafundi wa mbao hampimi watu bure. Haya pima, lakini nisikusikie umeanza kupiga misumari."

Kutokana na ule uzi nilitengeneza kochi la mtu mmoja. Sijawahi kutengeneza jingine kama lile. Makochi ya dukani yanamtaka mtu ayafuate yeye. Ukiwa mfupi miguu inaning'inia, ukiegemea unazama. Hili nililifupisha kiti, nikaweka sponji ngumu chini na laini juu, na mahali pa kiuno nikajaza kidogo ili mgongo uliokwisha kuinama upate pa kutulia. Mikono niliifanya mipana, ya kushikia wakati wa kuinuka. Kitambaa kilikuwa chekundu. Nililifunga kwa nailoni kwa sababu ya vumbi la njiani, nikalipakia kwenye lori la mtu ninayemfahamu, nikampigia dada simu: "Likifika, ondoeni nailoni. Kochi linataka kupumua. Ni la mama."

"Limefika," dada alinijibu baadaye. "Mtaa mzima umekuja kuliona."

Miaka ikapita, kazi ikanibana. Kila nikipiga simu niliuliza, "Kochi la mama linaendeleaje?" Dada alisema, "Zuri sana, watu wanalisifu." Mimi nilimwona mama ameegemea, miguu imefika chini, redio pembeni. Nikiwa peke yangu karakanani, ile picha ndiyo ilinifanya nimalize kazi za watu ambao hawakusalimia.

Mwaka huu dada alipiga yeye. Alisema mgongo wa mama umekuwa mbaya, daktari amemkataza kuinama na kukaa kwenye vitu visivyo na egemeo. Nilishangaa kidogo. Egemeo si analo? Nikafikiri labda springi zimelegea. Nikaweka nyundo, koleo, kisu na bunduki ya stepla kwenye mkoba nikasafiri. Nilikuwa na haja moja tu, nimwone mama ameegemea lile kochi kwa macho yangu, ndipo niondoke.

Mtaa wetu umepanuliwa, nyumba zilizokuwa mbele zimekatwa baraza. Yetu nayo imepoteza baraza. Ukifungua mlango uko barabarani. Kwa Madamu sasa ni ofisi, wameweka kibao na mlinzi. Nilibisha hodi kwetu. Dada akafungua, akapiga kelele za furaha, akanivuta ndani.

"Karibu mgeni! Karibu, kaa hapo, kaa kwenye kochi!"

Lilikuwa mbele yangu, katikati ya sebule, limeelekezwa mlangoni. Nailoni ilikuwa juu yake bado. Ile ile niliyoifunga mimi, mafundo yangu kwenye miguu, isipokuwa imekuwa ya njano na pembeni imebandikwa selotepu mahali ilipotoboka.

"Mimi nitakaa huku," nikasema, nikaonyesha kiti cha plastiki.

"Nani kakwambia? Mtu anatoka safari! Kaa."

Nikakaa. Nailoni ikalia chini yangu, kiti kikazama kidogo, nikasema ni springi tu. Shemeji yangu, mume wa dada, anayekatisha tiketi kwenye kituo cha mabasi na anaongea kama bado yuko kituoni, akatokea na singleti akanipa mkono.

"Shemeji! Leo umekalia kazi yako mwenyewe. Hilo kochi usilione hivyo, hilo lina heshima kuliko mimi. Mimi baba mwenye nyumba sijawahi kulikalia."

"Na hutalikalia," dada akamjibu. "Na huo mwili wako unaotoka jasho kama mtungi."

Mama akaja kutoka nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kumwona amezeeka, lakini si vile. Alikuwa amekunjika kuanzia kiunoni, ananitazama kwa kuinua macho tu. Mikono ilikuwa na maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umefika salama? Usiinuke, usiinuke. Kaa tu mwanangu, upumzike."

Akasimama. Akashika fremu ya mlango wa jikoni, akaniuliza habari za wajukuu na za kazi, huku mimi nimekaa kwenye kipimo cha goti lake na mgongo wake. Nilijaribu kuinuka, dada akanisukuma begani. Chai ikaletwa, mama ndiye aliyeileta.

Nikajikaza nikasema, "Dada, nilisema nailoni iondolewe."

"Ningeondoa lingekuwa hivi? Angalia. Ni kama limeletwa jana."

"Ni la mama kukalia."

"Kwani nani amemkataza? Muulize mwenyewe."

Nikamgeukia mama. Akacheka kama mtoto aliyeulizwa kuhusu sukari.

"Mimi na haya matope yangu ya jikoni? Hilo ni la wageni, baba. Unajua nani aliwahi kulikalia?"

"Nani?"

"Madamu." Alilisema jina hilo kwa sauti ya chini, kama anayenong'ona siri nzuri. "Kabla hajahama. Alipita kuniaga. Nilimwambia, karibu ndani, hakuamini. Akaja, akakaa hapo hapo ulipokaa. Akaliangalia, akaupapasa mkono wa kochi, akasema, 'Mama, kumbe na wewe una sebule nzuri.' Hapo hapo! Nikampa maji kwenye glasi. Nikamwambia hilo limetengenezwa na mwanangu. Akasema, 'Yule aliyekuwa anakaa kwenye ngazi?'"

Shemeji akapiga paja. "Mama hiyo hadithi akiisimulia, anakuwa binti."

"Alikukumbuka," mama akaniambia.

Nilikunywa chai. Ilikuwa tamu na sikuisikia. Niliona kwamba kiti nilichomtengenezea mama kwa sababu ya mwanamke yule, mwanamke yule ndiye aliyekikalia, na kwa mama hicho ndicho kilikuwa kilele cha kazi yangu.

Kesho yake asubuhi dada alikwenda sokoni, shemeji alikwenda kituoni. Mama alikuwa kwenye kigoda chake nyuma, anachambua mboga, amekikalia upande ule ule. Nikamfuata, nikachuchumaa.

"Mama, naomba kitu kimoja. Njoo ukae kwenye kochi. Mara moja tu. Hakuna mtu."

"Nina kazi."

"Nitachambua mimi."

"Wewe utachambua mboga na kuacha majani mabovu yote. Nakujua."

"Daktari amesema uegemee."

"Daktari hana jikoni."

Nikabaki nimechuchumaa. Nadhani hilo ndilo lililomshinda. Akaweka sinia chini, akajifuta mikono mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika, akanishika mkono tukaingia sebuleni. Akageuka, akalipa kochi mgongo. Akashika mikono ya kochi, ile mipana niliyomwekea. Akaanza kushuka, polepole, magoti yanatetemeka, mimi nimeshika kiwiko chake.

"Hodi!"

Mama akainuka haraka kuliko alivyoshuka. Mgongo ule ambao daktari ameukataza kuinama ulinyooka kwa dakika hiyo kama wa msichana.

"Karibu! Karibu ndani!"

Alikuwa msoma mita ya maji. Kijana mwenye kofia na viatu vya matope, anatafuta kivuli zaidi ya mita.

"Mita iko nyuma, mama?"

"Iko nyuma, lakini pumzika kwanza, mwanangu, jua hilo. Kaa. Kaa kwenye kochi, usiogope."

Naye hakuogopa. Alijitupa. Akaegemea mpaka kichwa, akanyoosha miguu, akasema, "Aaah, mama, hapa mtu anaweza kulala." Mgongo wake ulikaa barabara mahali nilipojaza kwa ajili ya kiuno cha mama. Mama akasimama pembeni akitabasamu, akaenda kumletea maji.

"Nani ametengeneza hili?" kijana akaniuliza.

"Fundi mmoja," nikasema.

Alipomaliza mita yake akaenda. Mama akarudi kwenye mboga zake kana kwamba tulikuwa hatujaanza chochote. Nikasimama mbele ya kochi. Nikafungua mkoba, nikatoa kisu cha kukatia vitambaa, nikaingiza ncha chini ya mkono wa kochi nikavuta mpaka chini. Nailoni ilipasuka kwa mlio mrefu. Nikakata na nyuma. Nikaivua yote kama ngozi.

Harufu ilinipiga. Ile nailoni ilikuwa imefunga unyevu ndani miaka yote. Kitambaa kilikuwa na madoa meusi ya ukungu, na nilipobonyeza kiti, vidole vilizama na kubaki vimezama, sponji imekuwa unga. Kulifunika ndiko kulikoliozesha. Kwa juu lilionekana jipya kwa sababu nailoni ilikuwa inang'aa na unjano wake ulificha madoa, basi.

Dada alirudi na vikapu akanikuta nimeshika lile ganda.

"Umefanya nini? Bubu, umefanya nini?" Bubu ni jina alilonipa utotoni, na huliita akikasirika.

"Limeoza, dada. Angalia mwenyewe."

"Limeoza kwa sababu umelifungua! Jana lilikuwa zima, ulilikalia mwenyewe!"

"Jana lilikuwa limeoza vile vile."

"Jana halikunuka! Miaka yote tumelitunza, hata watoto wangu nimewachapa kwa ajili yake, unakuja na kisu chako asubuhi moja…" Niliona kuwa analia kweli, na sikuweza kumchukia, maana katika nyumba nzima hicho ndicho kitu alichokitunza akijua kimetoka kwangu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia madoa meusi, akaangalia nailoni sakafuni. Hakugomba. Aliuliza tu, kwa upole, kama anayeuliza chumvi iko wapi:

"Sasa wageni watakaa wapi?"

Nilitaka kumjibu kwamba wasimame.

Nililitoa kochi uani. Nikanunua sponji na kitambaa kwa wauza magodoro wa barabara ya chini, kitambaa cha kahawia cha kawaida, kisichoonyesha uchafu. Nilifanya kazi kutwa nzima. Mbao zilikuwa salama, nilishukuru kwa hilo. Dada hakunisemesha. Mama ndiye aliyekuja, akasimama karibu, baada ya muda akaanza kunipokeza misumari. Akinipa mmoja, ameshatayarisha mwingine.

"Nahitaji kukupima tena," nikamwambia.

"Jeneza hilo sasa?"

"Kochi, mama. Lilikuwa lako tangu mwanzo. Ule uzi ulikuwa wa kochi."

Akaliangalia kochi. Kisha akasimama wima kadiri alivyoweza ili nimpime. Nikapitisha uzi kutoka ardhini mpaka gotini, nikaulinganisha na miguu ya kochi.

"Nimepungua, eeh?"

"Kidogo."

"Sema kweli."

"Umepungua, mama."

Nikachukua msumeno nikafupisha miguu. Jioni nililirudisha sebuleni. Sikulielekeza mlangoni, nililielekeza dirishani, penye hewa. Shemeji alikuwa amerudi. Alilizunguka akasema, "Limekuwa kama la watu wa kawaida." Nadhani alikuwa analisifu.

"Haya mama," nikasema.

Mama alikuwa amevaa gauni safi. Kwa hilo peke yake ningetakiwa kujua. Alikuwa amekwenda chumbani kwanza, akabadilisha nguo, akajipaka mafuta miguuni, akaja kukaa. Alikaa ukingoni. Magoti pamoja, viganja juu ya magoti, macho mbele, kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake ofisini. Kati ya mgongo wake na egemeo ungeweza kupitisha mto mzima.

"Egemea, mama."

"Nimeegemea."

"Hujaegemea. Rudi nyuma."

"Hapa hapa panatosha." Akanitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto anayesumbua mbele za watu. "Nimekaa, baba. Umeridhika?"

Dada, ambaye kutwa nzima hakuwa amesema nami, alijibu badala yangu: "Ameridhika, mama. Inuka, chakula kitaungua."

Akainuka. Mikono ya kochi ilimsaidia vizuri, niliona. Akiwa ameshainuka, kabla ya kwenda jikoni, aligeuka akachukua pindo la kanga yake, akapangusa pale alipokuwa amekaa. Taratibu.

Niliondoka kesho yake. Mama alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniombea safari njema, akasema nisikawie kurudi, mgongo wake ndio unaojua amebakiza muda gani. Nilimwambia nitakuja. Barabarani niligeuka mara moja. Alikuwa ameshaingia ndani.

Juzi dada alinipigia. Tumeshapatana, dada yangu hawezi kukasirika na mtu aliye mbali. Alinipa habari za mtaa, za watoto, za mgongo. Mwisho akasema, kwa furaha ya kweli ya mtu anayekuletea habari njema:

"Na lile kochi usiwe na wasiwasi. Tumelinunulia nailoni nyingine. Nzito, haipasuki kirahisi."

Nikamuuliza mama yuko wapi wakati huo.

"Yuko nyuma," akasema. "Nikuitie?"

Nikamwambia amwache tu amalize kazi zake.